Ufunguo wa Mfuko wa Kushoto

Mimi na Papa Prof tulianza kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa viatu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tumekusanyika Porte de Namur, hapa Brussels, watu tisa, kila mmoja na kifurushi chake cha chakula, tayari kwa matembezi ya kwanza kando ya mfereji. Mimi nilikuwa nimevaa raba mpya alizoninunulia binti yangu. Yeye alikuja na viatu vya ngozi vyeusi vinavyong'aa, suruali yenye mkunjo wa pasi, koti refu na kofia. Akanitazama miguuni, akasema mbele za watu, "Maman Hadija, weye unaenda kusalimia batu ao unaenda mu gym?" Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba yeye anaonekana kama mtu anayekwenda kuposa. Akacheka kuliko wote, na tangu siku ile, kwa miaka minane, hatukuacha kuchokozana.

Nasema "Papa Prof" kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote. Jina lake halisi nililiona mara ya kwanza kwenye karatasi za hospitali, na niliona haya, kama niliyechungulia chumba cha mtu. Hapa silitaji. Kabla ya vita alikuwa akifundisha historia Uvira, upande wa Kongo. Brussels alisafisha ofisi za Umoja wa Ulaya kule Schuman miaka ishirini na miwili, mpaka akastaafu. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, nahudumia wagonjwa hospitalini Jette. Kutoka kwetu mpaka kwao ni mwendo mfupi tu wa gari, lakini ilibidi wote wawili tuje huku kwenye baridi ndipo tujuane.

Kikundi chetu hakikuwa na jina wala katiba. Jumapili tulitembea, na mwezi wa tano, mara moja kwa mwaka, tulipanda basi la masafa marefu mpaka Hispania, wiki nzima, kufuata mto. Mto wenyewe una jina lake la Kihispania, gumu kwa ulimi wangu. Sisi tuliuita mto wa Papa Prof. Una njia nyembamba ya miguu pembeni, na miti mirefu ambayo mwezi wa tano humwaga pamba mpaka njia inakuwa nyeupe, na vinu vya maji vilivyokufa, na daraja la mawe ambalo alisema lilijengwa na Warumi. Juu ya kila mnara wa kanisa kuna kiota cha korongo. "Angalia ndege hizi," alikuwa akisema, "zinaenda Afrika na zinarudia, hakuna muntu anaziuliza papiers ya kusafiria." Alisema hivyo kila mwaka, kwenye mnara uleule, na ole wako usipocheka.

Kwa nini Hispania, wakati Ubelgiji nayo ina mito? Watu walimuuliza sana. Sababu ilikuwa kalenda. Kwenye ofisi moja aliyokuwa akiisafisha kulikuwa na bibie mmoja wa Kihispania, na mwisho wa mwaka huyo bibie alitupa kalenda yake ya ukutani kwenye ndoo ya takataka. Ukurasa wa mwezi wa tano ulikuwa na picha ya daraja, mto na kakanisa juu ya kilima. Papa Prof alikuwa na haki ya kuitupa na hakuwa na haki ya kuichukua, hivyo ndivyo alivyoona yeye. Akaitoa kwenye ndoo, akaipangusa, akaiweka juu ya meza ya bibie na kikaratasi cha kuomba ruhusa. Kesho yake akaikuta palepale, na juu yake kikaratasi kingine chenye jina la kijiji. Basi, safari zote zile, viatu vyetu vyote vilivyokwisha soli, vilitoka kwenye ndoo ya takataka.

Kitu kimoja alichokichukia ni kuitwa mtalii. "Sisi haiko ba-touristes," alikuwa akifoka. "Sisi ni bageni. Mugeni anaanza na kusalimia." Na kweli, kutembea naye kulichosha kuliko kutembea peke yako, kwa sababu hakuna mzee kwenye kiti, hakuna mama anayeanika nguo, aliyepitwa bila kusalimiwa. Hakujua Kihispania zaidi ya maneno thelathini. Maneno yenyewe thelathini aliyatumia kuulizia afya ya watoto wa watu. Halafu, jamani, anageuka nyuma anatukaripia sisi kwamba tunachelewa! Maman Séraphine, mama wa Bukavu anayeuza samaki wa kukausha Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, alikuwa akimwambia usoni: "Papa Prof, sisi tunatembea na miguu, weye unatembea na kinywa." Hakujali hata kidogo.

Sasa nifike kwa Bibi wa Ufunguo, maana bila yeye sina habari ya kusimulia.

Makanisa ya vijiji vile karibu yote hufungwa. Padri ni mmoja, vijiji ni vingi, anapita na gari lake siku kwa siku. Ufunguo hukaa kwa jirani. Jirani wa kanisa la kwenye kalenda alikuwa bibi mmoja wa miaka kama themanini, mfupi, gauni la maua na sweta juu yake. Watu wengine hubisha hodi, hupewa ufunguo, huangalia kanisa dakika kumi, huurudisha na kwenda zao. Papa Prof alibisha, akavua kofia, akatoa kwenye mfuko sukari kilo mbili na sabuni ya mche, mche mzima, akampa kwa mikono miwili. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Bibi wa watu akaishika sabuni, akaitazama, akatutazama sisi weusi tisa mlangoni pake tumejipanga kama wanakwaya, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatuuliza kwa Kifaransa, Kifaransa cha sokoni cha Brussels kabisa, "Na sabuni hii mmeitoa wapi?"

Kumbe usichana wake aliumalizia Brussels. Alisafisha nyumba za watu Ixelles miaka kenda, kisha akarudi kwao kuolewa. Alikuwa akitembea na funguo za nyumba sita kiunoni, alituambia, na hata mmoja haukupata kupotea. Papa Prof akajipiga kifua. "Collègue!" akasema, yaani mwenzangu wa kazi. Wallahi, sikuwahi kumwona amefurahi vile. Saa mbili nzima sisi tulikaa kwenye benchi la mawe tukila mikate yetu, wao wanazungumza habari za vioo vya madirisha, na mabosi, na lile doa la kahawa kwenye zulia jeupe linavyotolewa. Kanisa la miaka elfu liko hatua ishirini, na mwalimu wa historia anaongea madoa!

Tulipolifungua hatimaye, alinivuta mkono mimi. Tao la mlango lilikuwa limebana chini na kupanuka juu, kama matao ya msikiti. "Maman Hadija, angalia. Batu ya dini yako ndiyo balichonga hii, ama bafundi balijifunza kwao. Balikaa hapa siku mingi." Nilikuwa nimekusudia kubaki nje, maana kanisa si mahali pangu. Nikaligusa lile jiwe, likawa na ubaridi mzuri, nikaingia. Kufunga alifunga yeye. Ufunguo ni chuma kitupu, mrefu kama kiganja changu, na kila mwaka hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuuzungusha. Aliufunga mlango, akausukuma mara mbili kuhakikisha, kama anavyofanya mtu wa kazi ile, akaenda kumkabidhi Bibi mkononi.

Kuhusu funguo hakuwa na mchezo. Alipokuwa kazini alizibeba mfuko wa kushoto wa koti, chini ya leso, na kila alipomaliza zamu alizirudisha kwa mlinzi na kutia sahihi. Hadithi moja aliisimulia mara nyingi mno. Mwenzake wa ghorofa moja aliwahi kushukiwa kwamba amekwenda na ufunguo nyumbani. Hakuna aliyemuuliza. Hakuna aliyemsema. Kesho yake akaja fundi na begi lake, akabadilisha vitasa vya ghorofa nzima, na yule mwenzake alipofika, ufunguo wake ukagoma kuzunguka. "Habakumuambia kintu," Papa Prof alikuwa akimalizia. "Serrure ndiyo ilimuambia." Serrure, yaani kitasa. Na ukimtazama unaona imemuuma kana kwamba ni yeye.

Lakini mtu huyohuyo nyumbani kwake hakufunga mlango! Alikaa chumba na sebule karibu na Chaussée d'Ixelles, juu ya saluni ya kusuka nywele, na mlango wake ulirudishiwa tu. Mwenye nyumba aligombana naye, majirani waligombana naye, mimi nikagombana naye. Siku moja walimwibia redio. Nikamwambia, umeona sasa? Akanitazama kwa upole, akasema, "Uvira nilifunga muzuri sana, mara mbili. Bakabomoa ukuta." Nikammiminia chai.

Na maji. Ilituchukua miaka mitatu kugundua kwamba mtu aliyetupeleka kutembea kando ya mto hakutembea upande wa mto. Daima alimweka mtu kati yake na maji. Njia ikiwa nyembamba mno, alishika mkanda wa begi la Maman Séraphine kwa nyuma, huku anaendelea na somo lake la Warumi kwa sauti ya darasani. Sisi sote tumevuka mito ambayo hatuisimulii. Nilimgusia mara moja tu, akanijibu, "Maji ninayajua." Basi. Sikuuliza tena, na tangu siku hiyo mimi ndiye niliyetembea upande wa maji.

Mwaka wa tatu tulifika kijijini tukakuta mumewe Bibi amefariki wiki iliyotangulia. Kule mtu huzikwa upesi, watu hushikana mikono, kila mmoja hurudi kwake. Bibi alitufungulia mlango amevaa nyeusi, akatushukuru kwa sukari, akamnyooshea Papa Prof ufunguo ili twende zetu kanisani. Papa Prof hakuupokea. "Leo hatukuje ju ya kanisa," alituambia sisi. Akaingia, akachukua kiti, akakaa. Nasi tukakaa: wengine vitini, wengine kizingitini, wengine chini ukutani. Maman Séraphine akapita moja kwa moja jikoni kwa watu, akakunja mikono, akaanza kusugua masufuria.

Bibi alichanganyikiwa. Alisema tena, nendeni mkaone kanisa, mmetoka mbali. Tukasema tuko sawa. Majirani wakaja kuchungulia, wakaenda, wakarudi na viti vyao. Saa zikapita. Hakuna aliyehubiri, hakuna aliyesema maneno makubwa; mtu akikohoa, anapewa maji. Mimi niliisoma Fatiha kimoyomoyo. Alasiri yule bibi akaacha kutuhudumia, akakaa katikati yetu, akalia. Alilia kwa sauti, kile kilio cha kutoka tumboni, na Papa Prof ameshika kofia yake magotini, hamtazami. Basi la siku lilipita tukalisikia likipita. Hakuna aliyeinuka. Wanakijiji wakatulaza kwenye shule yao iliyofungwa kwa kukosa watoto, na kanisa hatukuliona mwaka ule.

Tangu hapo kijiji kikatujua. Tukishuka kwenye basi, wajukuu waliokuja kusalimia na wazee wa benchi walisema wamekuja wale wanaokaa. Bibi alitutafsiria, akicheka.

Safari ya mwisho aliyotuongoza ilikuwa ya mwaka wa saba. Ilikuwa mvua, mvua ya ghafla ya milimani. Bibi alikuwa amepelekwa mjini kwa daktari, ametuachia ufunguo kwa jirani, na kukirudisha kile chuma ilikuwa ni kukitundika tu msumarini, ndani ya mlango wake. Tukaona kanisa, tukatoka, mvua ikakaza, basi likapiga honi chini barabarani. Papa Prof akafunga, akausukuma mlango mara mbili, tukakimbia. Nakumbuka alivyopanda ngazi za basi amelowa, anacheka, anasema, "Leo muguu yangu iko bien kabisa!" Tangu astaafu alikuwa akilalamika kwamba anatembea upande, mwili wake umezoea uzito wa kushoto. Tukampongeza kwa mguu wake. Hakuna aliyefikiri zaidi.

Kisha akatuacha. Mwaka wa nane ulipoanza, tulipotaka kupanga safari ya mwezi wa tano, akasema magoti. Jumapili nazo akaacha kuja. Maman Séraphine alimpelekea samaki, yeye akawapokelea mlangoni, hakumkaribisha ndani. Mimi nikaenda kwa hasira zangu, nikasukuma ule mlango usiofungwa, nikamkuta mezani ameinamia karatasi nyeupe. Koti lake lilikuwa limeanguka toka kwenye msumari. Nikaliinua nilitundike.

"Acha koti!"

Alipiga ukelele. Miaka yote ile sikuwahi kusikia sauti ile. Nikaliachia likaanguka tena, nikamwambia shika adabu, mimi si mtoto wako wa darasani, nikashuka ngazi machozi yananilenga. Nilimnunia miezi minne. Najuta kila mwezi mmoja wa hiyo minne, nasema wazi, kwa sababu miezi aliyokuwa nayo ilikuwa michache.

Nilimkuta kazini kwangu. Niliingia wodini asubuhi na kitoroli changu, nikaona kwenye kitanda cha dirishani kofia ninayoijua imewekwa juu ya kabati. Moyo na figo, vyote viwili. Alikuwa amepungua, shingo imebaki kamba. Akaniona, akajaribu kuchokoza: "Bon, leo umevaa viatu ya kazi." Nikacheka huku nalia. Mapumziko yangu ya mchana niliyamalizia kwake, na hapo akaniomba nifungue kabati, nitoe koti, nitie mkono mfuko wa kushoto.

Nilijua kabla sijaugusa. Chini ya leso, baridi, mrefu kama kiganja changu.

"Nilifunga mulango," alisema. "Mukono yangu ikatia mu mufuko. Kama kila siku ku kazi. Vingt-deux ans, miaka makumi mbili na mbili, Maman Hadija! Nikatoka mu ile kijiji kama vile natoka ku bureau. Kumbe pale hakuna gardien, hakuna mulinzi wa kuniuliza." Aliugundua nyumbani, anapovua koti. Ule mguu wake uliopona kwenye basi ulikuwa ni uzito wa ufunguo wa watu.

Mwaka mzima na zaidi aliukalia siri. Alianza barua tatu na kuzichana zote, na moja nadhani ndiyo ile niliyomkuta nayo. Nikamwambia mbona jambo dogo, tungeutuma posta, kwa sahihi. Alinitazama kama niliyemtukana mamaye. "Ufunguo muntu alikupatia mu mukono, weye unatia mu enveloppe?" Halafu akasema lililokuwa linamla. "Sisi ndiyo batu beusi ba kwanza kuingia mule. Yule mama alituamini. Sasa ile kijiji iko nasema nini? Bamesha kuita fundi, minajua. Bamebadilisha. Sitaki kufa muntu wa kuiba ufunguo ya kanisa."

Hakulia. Alikuwa akikunjakunja ncha ya shuka, anaipanga sawa, anaikunjua. Nikamwambia nitaupeleka mimi.

Sikuwa na hamu, nisiseme uongo. Kiti cha basi, mgongo wangu, vituo viwili vya kubadilisha, na lugha siijui. Mwanamke wa Buyenzi mwenye mtandio, peke yangu, na ufunguo wa kanisa kifuani! Njia nzima nilikuwa najishika nilipouficha. Nilinunua sukari na sabuni ya mche Matonge, na Maman Séraphine akaongeza samaki bila kuuliza naenda wapi, ingawa nadhani alishajua. Nilijipangia maneno ya Kifaransa ya kuombea radhi, nikayarudia toka mpakani mpaka kituo cha mwisho.

Miti ilikuwa inamwaga pamba. Nilipanda kile kilima na raba zangu, roho juu, natazama mlango wa kanisa kwa mbali kuona kama kitasa kinang'aa upya. Jua lilikuwa machoni, sikuweza kuona. Nikabisha. Bibi alifungua, sasa anatembelea fimbo. Akatazama nyuma yangu, kushoto, kulia, hakuna mtu. Kabla sijafungua kinywa akauliza, "Yu hai?"

Nikasema yu hai, mgonjwa. Akashusha pumzi. Nikampa sukari, sabuni, samaki, na mwisho ufunguo, kwa mikono miwili kama tulivyofunzwa, na yale maneno yangu yote ya kujipanga yakanipotea. Nikasema tu, "Alisahau. Ni mkono wake uliosahau. Ameona haya."

Bibi akakaa na ufunguo mapajani. Akaniambia alijua tangu jioni ileile, alipokuta msumari mtupu. Alitaka kutuandikia, lakini hakuwa na anwani. Miaka yote alimwita Collègue tu. Ufunguo mwingine hawakuwa nao, ni chuma cha zamani, na mlango wa mbele haukufunguka tena. Wakawa wanaingilia kwa mlango mdogo wa nyuma, ule wa chumba cha padri, ambao una komeo la ndani, anapita mtoto dirishani kulitoa. Harusi mbili zilipita huko, akasema, na bibi harusi wa pili alikuwa mnene, ilibidi asukumwe. Akacheka mpaka akashika meza, kama siku ile ya sabuni. Watu wa kijiji walileta fundi na begi lake. Yeye akaenda akasimama mlangoni na fimbo.

"Nimesafisha nyumba za watu miaka kenda," alisema. "Najua mtu akibadilisha kitasa amesema nini. Nikawaambia hapana. Yule mtu anarudi. Ni yule aliyekaa na mimi."

Padri alilalamika, akamwacha alalamike. Kisha akainuka na fimbo yake, tukaenda pamoja zile hatua ishirini, akanipa ufunguo nifungue mimi. Kitasa kilikuwa kilekile, cheusi, na kutu pembeni. Nikasema Bismillahi, nikauzungusha. Ulikaza, ukalia, ukazunguka. Tulipotoka nikausukuma mlango mara mbili, na ufunguo nikamkabidhi mkononi papo hapo, maana mkono wangu nao sikuuamini.

Nilishuka basi Brussels asubuhi, nikaenda moja kwa moja Jette na begi langu, sikupita nyumbani. Walikuwa wamemhamishia chumba cha peke yake, na katika kazi yetu tunajua maana yake. Alikuwa amelala, kinywa wazi. Nikasimama miguuni kwake nimevaa koti. Akafumbua macho, akanitafuta, akanipata. Hakuuliza kama nimefika. Hakuuliza habari za Bibi.

"Serrure," alisema, sauti kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Balibadilisha?"

"Hawakubadilisha, Papa Prof."

Alinikazia macho, akinichunguza kama namdanganya mgonjwa. Nikamweleza: kitasa kilekile, cheusi, na kutu yake. Bibi mlangoni na fimbo. Mlango wa nyuma, harusi mbili, bibi harusi mnene anasukumwa. Kifua chake kikatikisika, kicheko kisicho na sauti, na mkono wa kushoto ukaiacha ile ncha ya shuka.

"Rudilia," akasema.

Nikarudia. Hawakubadilisha. Bibi alisema, "Yule mtu anarudi. Ni yule aliyekaa na mimi."

Macho yalikuwa yanafumba. "Rudilia."

Nikavua koti, nikavuta kiti, nikakaa. Nikaanza upya, toka kwenye miti na pamba yake.